Sili

Mwalimu mstaafu ndiye aliyesema kwanza,
akishuka ngazi, shali mpaka masikioni:
"Ndege yenu inanuka jiko la mchina."
Rubani alicheka. Ambakisye hakucheka.

Ilikuwa Juni, Songwe, ukungu umelala juu ya lami
kama ng'ombe asiyetaka kuamka.
Tangu Sumbawanga baridi ilikuwa imebana,
rubani akawafungulia abiria joto,
na joto lile hukopwa kwenye injini:
hewa iliyokandamizwa kule mbele, kabla haijaonja moto.
Hewa ikinuka, oili imevuka mpaka.
"Sili," Ambakisye akasema,
kama anayemtaja jirani mwenye deni.

Tulifungua siku mbili,
kila boliti kwenye kikombe chake.
Usiku wa pili, kurunzi kwenye paji la uso, nikaziona:
pete mbili, moja ya chuma,
moja ya kaboni, nyeusi,
mkaa uliopelekwa shule.

Ya chuma huzunguka na shafti,
mara elfu thelathini na ushei kwa dakika.
Ya kaboni haiendi popote. Nyuma yake springi
inaisukuma bila kelele:
sogea, sogea.
Upande huu oili, inayopoza beringi.
Upande ule hewa ya watu kupumua.
Kati yake hakuna mpira, hakuna gundi,
ila utando mwembamba,
mwembamba hata unywele wangu ukianguka pale
ungekuwa gogo lililoziba barabara.

Nikataka kujionyesha. Nikaanza: usipoziba ufa...
"Huo ni ufa wa nyumba," akanikatisha.
"Huu ukiuziba kabisa, unaungua.
Nyuso zikisagana kavu, unabaki na unga mweusi.
Zikiachana, oili hiyo, kwaheri.
Sili nzuri huvuja, binti.
Huvuja kidogo, hakuna anayejua."

Pete mpya ilikuja na basi la usiku,
imefungwa kama yai.
"Vidole!" Nikarudisha mkono. Jasho lina chumvi.
Nikavaa glavu, tukaifunika kwa kioo bapa,
tukawasha taa ya njano,
na juu ya weusi ule ikatokea mistari,
mwanga, kivuli, mwanga,
imenyooka kama matuta ya viazi pale Uyole
kabla mvua haijayachezea.
Ingepinda, tungeirudisha ilikotoka.

Sijui kwa nini nilimkumbuka mama.
Miaka kumi na tisa alikaa
kati ya baba na ndugu zake, lile shamba la chai la Kiwira,
neno la huku halikufika kule
ila lile dogo alilolipitisha yeye, limepoa.
Hakuna aliyemshukuru. Ungemshukuru kwa lipi?
Hakukuwa na tukio.
Tulipomzika, mwezi haukuisha
wakafikishana baraza la ardhi.

"Umelala?" Ambakisye akaniuliza.
Nikasema macho yanauma, ni taa.

Siku ya tano tuliwasha. Rubani akafungua joto
nami nikakaa kiti cha nyuma kabisa,
pua mbele, kama mbwa mlangoni kwa bucha.
Hewa ilinuka hewa.
Vumbi la zulia kidogo, na machungwa ya mtu wa zamani.
Kwenye kitabu Ambakisye aliandika mstari mmoja,
akaweka sahihi, akanipa kalamu.
Mkono wangu ulitetemeka kwenye herufi ya kwanza.

Pete ya zamani ninayo, iko dirishani Mbalizi.
Ina mkwaruzo mmoja, ukiigeuza juani unauona,
usipoigeuza huuoni.
Mdogo wangu huitumia kuzuia pazia.

Kindege kiliondoka saa mbili, ukungu ukiachia mlima.
Niliegemea uzio, nikatega sikio,
nimsikie yule mweusi akifanya kazi yake.
Injini niliisikia. Upepo niliusikia.
Yeye, wala.
Nikaenda kunywa chai.